Meza ya Shangazi: Guangzhou kunaliwa nini?

Barua za safari hii zote zinaelekea China, sijui mmekubaliana. Nimechagua tatu.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi nauza viatu na mikoba hapa Majengo, Dodoma, miaka yote mzigo naagiza kupitia mtu wa Kariakoo ila safari hii nimejikaza naenda mwenyewe Guangzhou, kwenye yale maonyesho ya Oktoba. Waliotangulia wananambia nibebe unga na dagaa maana kule hakuliki. Kweli? Na menyu ya Kichina naagizaje? Kitimoto nakula, nyoka sitaki hata kumsikia. (Mama Viatu, Majengo)

JIBU: Marahaba mwanangu. Unga beba kama utakutuliza roho, dagaa waache, watakunukishia begi zima na sampuli zako za mikoba humo humo. Hao wanaosema hakuliki wengi wao walikaa Xiaobei, mtaa wa Waafrika kule, siku kumi wakila wali maharage kwa Waafrika wenzao, chakula cha wenyeji hata hawakukigusa, sasa wamejuaje?

Chakula cha Guangzhou ndo hicho kinachoitwa cha Kikantoni na hakina mambo ya pilipili nyekundu zinaelea kwenye mafuta, hizo ni za watu wa Sichuan. Hawa wanapenda kitu kibaki na ladha yake, tangawizi kidogo, majani ya kitunguu, sosi ya soya basi. Mgogo aliyezoea mlenda wala hatashtuka.

We tafuta kiduka ambacho kwenye kioo wamening'iniza bata na minofu myekundu inang'aa, herufi zake ni 烧腊. Hapo huhitaji Kichina, unanyoosha kidole. Ile nyekundu tamutamu ni cha siu, kitimoto iliyolowekwa kwenye sosi na sukari af ikachomwa. Yenye ngozi imevimba kama bisi inaitwa siu yuk, ukiitafuna jirani anasikia. Omba wali wa nyama mbili, yani wanakukatia aina mbili juu ya wali na majani pembeni, majani yenyewe ndugu wa chainizi yetu tu. Mi huchukua bata na cha siu. Kuku wa kuchemsha mweupe, wa kuchovya kwenye tangawizi, utamwona kama hajaiva, karibu na mfupa ana wekundu, wenyewe ndo wanavyompenda. Kama roho inakataa muache, mi mara ya kwanza nilimrudisha jikoni nikachekwa. Na uwahi mchana, usiku unakuta mabaki yamekauka.

Asubuhi kula uji. Ndio, uji, ila wa mchele na una chumvi, wameupika mpaka punje zimeyeyuka, ndani vipande vya samaki au nyama, hauna sukari kabisa kwahiyo usije ukamwaga ukidhani umeharibika. Jioni ukichoka kutembea godauni kwa godauni agiza 干炒牛河, tambi pana za mchele zimekaangwa na nyama ya ng'ombe kwenye moto mkali sana. Kipimo cha mpishi kiko kwenye sahani: ukimaliza ukakuta dimbwi la mafuta, kesho nenda kwa mwingine.

Nyoka walikuwepo kweli, tena kwenye hoteli zao na bei zao, ila tangu 2020 China imepiga marufuku kula wanyama pori wa nchi kavu, kwahiyo hakuna atakayekuchanganyia kwa bahati mbaya. Hela nyingi zinalipwa kwa simu, kwahiyo app ya kulipia ya Alipay iweke na uifunge na kadi yako ya Visa kabla hujapanda SGR. Sehemu nyingi unaskani kikodi mezani inakuja menyu na picha. Ukiona vijiduka vinauza chai nyeusi ya mitishamba kwenye vikombe, ni dawa ya kupoza mwili, inakaribia mwarobaini kwa uchungu. Usiinunue ukiwa na kiu.

SWALI: Assalam aleikum Shangazi. Mi na mume wangu ni Waislamu, tunaenda Guangzhou mwezi ujao. Tukiagiza vya samaki na kamba tu si tumepona? (Bi mdogo, Kondoa)

JIBU: Waaleikum salaam. Hapana mdogo wangu, hamjapona. Ile supu ya wonton, vile vifurushi vya kamba na tambi nyembamba, mara nyingi ndani ya kamba kuna nguruwe na mchuzi umechemshiwa mifupa yake. Hata vile vya kamba vyeupe vinavyopikwa kwa mvuke wengi wanatia mafuta ya nguruwe kidogo vilainike. Af shika hili: kwenye menyu wakiandika 肉 peke yake, yani nyama, mara nyingi wanamaanisha nguruwe, ng'ombe ndo anatajwa jina. Tafuteni hoteli zenye herufi 清真, ndo halali. Nyingi ni za tambi za kuvutwa kwa mkono na supu ya ng'ombe, sio Kikantoni lakini tamu. Xiaobei zipo.

SWALI: Shangazi, mi mtumishi hapa Mtumba, nimepata mafunzo ya wiki mbili Guangzhou na wenyeji wamesema Jumamosi watatupeleka kunywa chai asubuhi. Chai tu saa nne asubuhi nitashiba kweli? Na nisije nikaaibisha wizara. (Mtumishi)

JIBU: Hahaa, usile chochote kabla ya hapo! Hiyo inaitwa yum cha, maana yake kunywa chai, ila chai ni kisingizio tu, vinakuja vikapu vya mianzi vya moto na kila kikapu kina vitafunwa vitatu vinne, mnashea, na inaweza kwenda mpaka mchana. Kama ni Tao Tao Ju watawapeleka, ile hoteli ya tangu 1880, mna bahati.

Usishtuke wakianza kwa kuosha vikombe na bakuli na chai ya kwanza, hiyo ni ya kumwaga, usiinywe. Mtu akikumiminia usisimame kumshukuru, gonga meza na vidole viwili polepole. Na we mimina ya wenzako kwanza. Birika likiisha funua kifuniko ukiache pembeni, mhudumu anajua anakuja na maji ya moto. Wakikuuliza unataka nini sema siu mai na cheung fun, ya kwanza ni vifurushi vya nguruwe na kamba vya mvuke, hiyo ya pili ni shuka laini la mchele limekunjwa na kamba ndani, mi naweza kumaliza sahani ya mtu mwingine.

Na miguu ya kuku italetwa. We si unaila pale stendi ya daladala kila jioni? Hii imekaangwa, ikalowekwa, ikapikwa kwa mvuke na maharage meusi, inavuka mfupa yenyewe mdomoni, vimifupa unatema kwenye kisahani chako, kila mtu anafanya hivyo, hata bosi.