Hesi za plagi zimeliwa: nitazitengenezaje nyumbani?

SWALI: Assalamu aleikum, Fundi. Pikipiki yangu ilitema plagi nikielekea Ukunda. Nilipoifungua hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda) niliona hesi, yaani michirizo ya kukazia plagi, zimeliwa kabisa, na pale panapokaa gaskiti, ule utando wa kuziba kati ya hedi na silinda, pana mikwaruzo, kwani fundi wa awali alikwangua gaskiti ya zamani kwa bisibisi. Jirani ananishauri niibandike plagi kwa gundi ya chuma. Hedi mpya siimudu. Nifanyeje?
*Msomaji, Likoni*

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Gundi usiitie kabisa, kwa maana haivumilii joto na shinikizo la ndani ya silinda. Itaachia, na plagi itaruka tena ukiwa barabarani. Dawa ni kuitilia hedi hesi mpya, ama kwa koili ya waya wa chuma cha pua, ama kwa bushi nzima ya chuma, yaani kibomba kifupi chenye hesi ndani na nje. Mimi naipendelea bushi, kwa sababu plagi hufunguliwa mara kwa mara, na koili huweza kung'oka pamoja na plagi iliyoganda.

Kabla ya kununua vifaa, pima plagi yako. Za magari mengi zina hesi zenye upana wa milimita 14, ilhali pikipiki nyingi ndogo hutumia za milimita 10, na bushi lazima ilingane na urefu wa hesi za plagi: ikizidi, itachomoza ndani ya chumba cha mwako, iwe nyekundu kwa moto na kuwasha petroli kabla ya wakati wake.

Kwa kuwa hedi umekwisha kuitoa, chembe za aluminiamu hazitaangukia silinda, na hilo ndilo linalowaharibia wengi wanaokata hesi hedi ikiwa mahali pake. Tepu ya kukatia hesi, yaani msumari wa chuma wenye meno unaochonga tundu ili bushi iingie, iingie wima kabisa. Ipake mafuta, izungushe nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili chembe zikatike, na uichomoe kila mara uifute. Ikianza upande, hata kidogo, simama, kwani kosa hilo halirekebishiki kwa kuilazimisha. Bushi ikishaingia, ukingo wake wa juu usipite uso unaokaliwa na washa (pete bapa) ya plagi, la sivyo gesi itavuja.

Sasa mikwaruzo. Laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, pande zote na kwa mshazari, kisha jaribu kupenyeza chini yake kibamba cha kupimia mwanya cha milimita 0.05. Kikipita, au ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo unaotoka tundu la silinda kwenda nje, mpelekee mkerezaji aisawazishe kwa mashine. Mikwaruzo hafifu waweza kuiondoa mwenyewe: tandika msasa wa maji namba 400 juu ya kioo kinene, uloweshe, na usugue hedi polepole kwa mwendo wa namba nane, bila kukandamiza upande mmoja, mpaka uso wote uwe na rangi moja. Usisugue kupita hapo, maana kila unachokiondoa huzidisha mgandamizo wa hewa na petroli ndani ya silinda. Ioshe hedi vizuri, mifereji ya mafuta nayo, kisha utie gaskiti mpya.

Plagi ianze kwa vidole, injini ikiwa baridi. Ikishakaa, plagi mpya yenye washa ikaze kwa spana nusu mzunguko tu, hata mkono ukitamani kuongeza.