Mnaoanza kusoma majengo ya kale Uingereza, anzieni nyuma ya nyumba

Wadogo zangu mnaokuja huku kusoma uhifadhi wa majengo, mkipelekwa kwenye yale majumba ya kale ya vijijini, hasa yaliyokuwa ya makasisi wa Anglikana, msianzie mlango wa mbele. Mbele utaona tofali nyekundu zimepangwa vizuri, madirisha yamelingana kushoto kulia, utasema aah hii karne ya 18 tumemaliza. Zunguka nyuma kwanza halafu omba ngazi upande darini, maana kasisi mwenye hela ya kubana mara nyingi alikuwa habomoi, anaivalisha nyumba ya mbao ukuta wa tofali upande unaoonekana basi. Kule juu ndo unakuta mbao za mwaloni zina matundu ya vigingi ambayo hayashiki kitu, hapo ujue zimetumika mara ya pili au paa lilishabadilishwa.

Halafu karatasi jamani, karatasi! Kanisa lilikuwa linaandika mali zake. Chukua Epworth kule Lincolnshire, alikozaliwa John Wesley: orodha ya 1607 inaitaja nyumba ya mbao na plasta, paa la nyasi, mpaka vyumba vimetajwa, yaani unaweza kukaa ukaichora. Ikaungua usiku wa Februari 9, 1709, John ana miaka 5 akatolewa dirishani watu wamepandiana mabegani, na baba yake alipojenga tena akajenga kwa tofali. Bila ile orodha ungeiangalia ya leo usijue kilichotangulia.

Dirisha lililozibwa usikimbilie kusema ni ile kodi ya madirisha, iliyotozwa kwa idadi ya madirisha ya nyumba mpaka watu wakayaziba kuikwepa. Ilikuwepo kweli, 1696 mpaka 1851, ila mengine yalijengwa hivyo hivyo yamezibwa ili mbele palingane. Angalia pembeni, tofali za kuzibia zikiwa zimeingiliana na za ukuta basi ni za siku moja.

Kinachoniuma zaidi ni simenti. Hizi kuta tofali zake zimeunganishwa kwa chokaa, unyevu unatoka nje kupitia hivyo viungo vya chokaa kati ya tofali, sasa fundi akija kuviziba na simenti maji yanabaki ndani ya tofali, baridi ikiyagandisha uso wa tofali unabanduka. Wa Mji Mkongwe Zanzibar mnaijua hii simenti juu ya chokaa inavyoharibu, barafu tu ndo hamna. Ukiliona tofali lililobanduka hivyo piga picha, andika ni ukuta upi na urefu gani kutoka chini, ila usichokonoe hata kidogo, jengo likiwa kwenye orodha ya urithi kulifanyia kazi inayobadilisha sura yake ya kihistoria bila kibali huku ni kosa la jinai.