Magonjwa ya ndani: kwa daktari mtarajali aliyeambiwa wagonjwa wa huku hawaponi

Mdogo wangu, umeuliza usomee magonjwa ya ndani, yaani yale tunayotibu kwa dawa bila kisu, au upasuaji, na umesema wenzako wa utarajali wamekukatisha tamaa: eti huku ni kuandika dawa za presha mpaka ustaafu, na wagonjwa wenyewe hawaponi. Nimo kwenye kazi hii miaka mingi, sehemu kubwa Kanda ya Ziwa, basi nitakujibu kwa ninayoyaona wodini na kliniki. Naanza na hilo la kutopona, maana ndilo linalowafukuza wengi.

Wapo wanaopona, tena kupona kwa macho. Mama aliyejifungua wiki chache zilizopita analetwa usiku akiwa ameketi kitako, hawezi kulala chali, miguu imevimba, pumzi inakata. Nyumbani wameshaamua kwamba amerogwa. Unasikiliza kifua, maji yamejaa mapafuni. Unapima kwa ultrasaundi, moyo umetanuka na unasukuma kwa shida. Ni ule udhaifu wa moyo unaowapata baadhi ya akina mama karibu na uzazi. Unampa oksijeni na furosemaidi ya mshipa, dawa ya kukojoza maji yaliyozidi, asubuhi anaongea sentensi nzima bila kupumzika. Ukimfuatilia vizuri kwa dawa za moyo, wengi wao moyo hurudi kufanya kazi karibu na kawaida ndani ya miezi kadhaa. Kinachobaki ni kumkalisha yeye na mumewe mkazungumza juu ya uzazi wa mpango, kwa sababu mimba nyingine inaweza kuurudisha ugonjwa. Mazungumzo hayo ni matibabu kama dawa, usiyafanye mlangoni huku umeshika faili la mgonjwa mwingine. Au chukua kijana mwenye TB iliyojaza maji kwenye mfuko wa moyo: unayatoa kwa sindano, presha iliyokuwa chini inapanda ukiwa umesimama hapo hapo, anaanza dawa za TB, na akishamaliza dozi ya miezi 6 yuko shambani kwake.

Ila ni kweli walio wengi kliniki hawaponi kwa maana ya kumaliza dozi na kwenda zao. Kisukari, presha, figo, VVU, seli mundu: hao utakuwa nao miaka, utawajua watoto wao, utajua nani amefiwa na nani amepata mjukuu. Mimi nawapenda hao kuliko wote. Kama wewe unahitaji kuona tatizo limetolewa na kuwekwa kwenye trei, upasuaji utakufaa zaidi, na hakuna ubaya wowote.

Kazi yenyewe ipo kwenye maelezo ya mgonjwa. Karibu kila anayefika kwetu ameshaambiwa mahali kwamba ana "UTI na taifodi". Ana karatasi ya Widal, kipimo cha damu cha taifodi, mkononi na ameshachomwa sindano za siku kadhaa. Kipimo kile kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu au kutokea kwa sababu nyingine, kwa hiyo jibu la "ipo" peke yake halitoshi kuuita ugonjwa. Niliwahi kupokea binti wa sekondari aliyetibiwa taifodi, kisha malaria, kisha nimonia kwa kuwa alikuwa anahema haraka. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za mkojo. Mama yake nilipomuuliza akasema, "Dokta, huyu siku hizi dumu la maji analimaliza peke yake, na usiku haachi kutoka nje." Tukamtoboa kidole, sukari ilikuwa juu kiasi kwamba mashine haikuweza kuandika namba. Kule kuhema kulikuwa ni mwili unajaribu kutoa asidi iliyojaa kwenye damu.

Mgonjwa wa namna hiyo ndiye atakayekuonyesha kama unaipenda kazi. Unatundika dripu za maji ya chumvi, unataka kujua potasiamu kabla ya insulini, kwa sababu insulini huisukuma potasiamu iingie kwenye seli na ikishuka sana moyo unaweza kusimama. Siku maabara haina kemikali ya kupimia, unachungulia ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, unaangalia mkojo kama unatoka, unakaa karibu na kitanda na kupima sukari kila saa. Akizinduka, mnaingia kwenye sehemu ngumu: nyumbani hakuna friji, bweni ni la wasichana wengi, na insulini ni ya maisha. Tunawafundisha kuihifadhi kwa vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji, mahali pa kivuli. Tunampigia matron wa shule tumweleze dalili za sukari kushuka na kwa nini binti asizuiwe kula kipindi kinaendelea. Hayo hutayakuta kwenye mtihani, lakini bila hayo atarudi wodini.

Kuhusu presha, wenzako wanaidharau bure. Mzee ana 190/110 na hasikii chochote. Amekuja kwa sababu ya goti. Unataka ameze vidonge kila siku maisha yake yote kwa ugonjwa asiousikia, na mtaani ameambiwa ukianza hizo dawa huachi, na kwamba zinamaliza nguvu za kiume. Usimwambie ni uongo. Baadhi ya dawa za presha kweli huweza kuleta shida hiyo, na presha yenyewe pia huileta. Muulize waziwazi, kwa heshima, mkiwa wawili tu. Ukimwahidi kwamba akipata tatizo mtabadilisha dawa, na ukatimiza, utakuwa naye. Ukimkaripia, ataitikia "sawa Dokta" na utamwona tena analetwa upande mmoja umepooza, ndugu wakisema ametupiwa jini. Kila ninapomwona mgonjwa wa kiharusi wa miaka 45 nawaza mazungumzo ambayo hakuna aliyekaa kufanya naye.

Huku ziwani utakutana na jambo jingine, vijana wa kwenye mialo wanatapika damu mabakuli. Ni kichocho cha tumbo: mayai ya minyoo yamelijeruhi ini kwa miaka, bandama imekua, mishipa ya koo la chakula imevimba hadi ikapasuka. Praziquantel ingeuzuia mapema. Inaniuma kila mara, dawa nafuu kiasi hicho na kijana yuko kwenye endoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa kooni, anafungwa mishipa.

Fedha ndizo zitakazokuchosha kuliko usiku wa zamu. Mgonjwa ambaye figo zimekufa anahitaji kusafishwa damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara. Mwenye bima nzuri anaishi, anafanya kazi. Asiye nayo, ndugu wanauza ng'ombe, kisha kiwanja, kisha siku moja hawaji. Jifunze kuzungumza gharama na familia mapema, kabla hawajauza kila kitu. Watu wetu huona aibu kuuliza bei kwa daktari.

Na utaitwa pembeni koridoni: "Dokta, tafadhali usimwambie." Saratani ya ini, moyo uliochoka, figo. Wanasema kwa upendo, nawaelewa, na huwa siwagombezi. Ninachofanya ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe: ungependa nikueleze wewe majibu, au nizungumze na mtu utakayemchagua? Wengi hujibu "niambie mimi." Mara nyingi alikuwa ameshajua, alikuwa ananyamaza ili asiwaumize wao. Akishajua anapanga mambo ya watoto, anaita ndugu, anakwenda kwao. Huo ni wakati wake, usikubali kumnyang'anya.

Masomo: MMed, shahada ya uzamili ya udaktari bingwa, ni miaka 3 au zaidi kutegemea chuo, na tasnifu ndani yake; vyuo vya Muhimbili, KCMC na Bugando vyote vinafundisha. Ukitaka ubobezi wa moyo, figo au tumbo, unaongeza tena baada ya hapo. Kipato cha pembeni ni kidogo kuliko cha wapasuaji na madaktari wa uzazi, usidanganywe.

Uombe mwaka huu au usubiri? Ushauri wangu, usubiri. Ukipata ajira, kaa mwaka mmoja au miwili hospitali ya wilaya, simamia wodi mwenyewe, jifunze kushika ultrasaundi, chukua maelezo ya mgonjwa mwanzo hadi mwisho hata foleni ikiwa ndefu. Hapo utajua kama raundi inakuchangamsha au inakuchosha. Habari ya kuchagua mada ya tasnifu ni ndefu, ukifika huko uniulize tena nitakueleza.