Mtoto hakosi yale aliyofundishwa tu: ushauri wa kusoma data za tathmini kubwa za kusoma

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuchambua data za tathmini kubwa za kusoma, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni lile la shule zipi zimeongoza na zipi zimeshika mkia. Swali hilo hujibika kwa muda mfupi. Linalonisumbua mimi ni jingine, nalo ni kama watoto walioshika mkia waliwahi kufundishwa kile walichopimwa. Mtoto aliyefundishwa akashindwa na mtoto ambaye hakufundishwa kabisa wanaweza kupata alama ileile, ilhali msaada wanaouhitaji haufanani hata kidogo. Tofauti hiyo haimo katika safu ya alama. Imo katika hojaji zinazoambatana na mtihani, ambazo wachambuzi wengi huzifungua mwishoni, wakiwa wamekwisha kuchoka.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1963 John Carroll wa Marekani, alipoeleza namna mwanafunzi anavyojifunza shuleni, aliitumia fursa ya kujifunza kwa maana ya muda ambao mwanafunzi amepewa ili ajifunze jambo. Katika miaka hiyohiyo IEA, shirika la kimataifa linalopima mafanikio ya elimu, lilipokuwa likiendesha utafiti wake wa kwanza wa kimataifa wa hisabati, liliwauliza walimu kama wanafunzi wao walikuwa wamepata nafasi ya kujifunza aina ya maswali yaliyokuwamo katika mtihani. Katika hisabati jambo hilo huulizika kwa urahisi, kwa kuwa mwalimu anajua kama amefundisha sehemu au bado. Katika kusoma ni gumu zaidi, kwa sababu kusoma hakuna mada inayoanza Jumatatu na kwisha Ijumaa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuamua, kabla ya kugusa takwimu yoyote, unamaanisha nini unaposema fursa: muda uliotengwa, stadi zilizofundishwa, maandiko yaliyosomwa, au vyote kwa pamoja.

Nitatumia mfano wa PIRLS, utafiti wa IEA unaopima ufahamu wa kusoma wa wanafunzi wa darasa la nne kila baada ya miaka 5 tangu mwaka 2001, kwa kuwa ndio ninaoujua vizuri. Hojaji ya mkuu wa shule huuliza siku za masomo kwa mwaka na saa za masomo kwa siku. Hojaji ya mwalimu huuliza saa za kufundisha lugha kwa wiki, na kati ya hizo ni ngapi za kusoma. Humo pia mwalimu huulizwa ni mara ngapi huwataka wanafunzi watafute taarifa ndani ya matini, wataje wazo kuu, walinganishe walichosoma na maisha yao, watabiri kitakachofuata, au wang'amue mtazamo wa mwandishi. PISA, tathmini nyingine ya kimataifa, katika awamu ya mwaka 2018 ilipita njia tofauti: iliwauliza wanafunzi wenyewe, wenye umri wa miaka 15, urefu wa andiko refu kuliko yote walilotakiwa kulisoma kwa ajili ya masomo ya lugha mwaka huo. Nalipenda sana swali hilo, kwa sababu kijana hukumbuka kama aliwahi kupewa kitabu kizima au aliishia kwenye vipande vya ukurasa mmoja.

Hazina iliyofichika kuliko zote, kwa maoni yangu, ni swali moja katika hojaji ya mkuu wa shule. Huorodhesha stadi moja baada ya nyingine, kuanzia kuzijua herufi na sauti zake hadi kueleza mtindo wa matini, kisha huuliza kila stadi huanza kutiliwa mkazo katika darasa la ngapi, au kama haitiliwi mkazo katika darasa lolote hadi la nne. Mwalimu wa darasa la nne anaweza kuwa amekaa na watoto hao kwa miezi michache tu, hivyo majibu yake hayabebi historia yao. Swali la mkuu wa shule hubeba angalau kivuli cha miaka iliyotangulia. Ukiona shule ambamo kung'amua jambo lisilosemwa wazi huanza darasa la nne, huku mtihani wenyewe ukiwa na maswali mengi ya namna hiyo, umepata maelezo ambayo wastani wa alama usingekupa kamwe.

Sasa nieleze makosa yaliyonigharimu, maana hapo ndipo nilipojifunza. Uchambuzi wangu wa kwanza ulionyesha kwamba wanafunzi waliopewa saa nyingi zaidi za kusoma walikuwa na alama za chini zaidi. Nilikaribia kuliandika hilo kama tokeo. Mwenzangu mzoefu aliniuliza swali moja tu: ni nani huongezewa vipindi vya kusoma? Bila shaka ni wale ambao tayari wamebaki nyuma. Tathmini hizi hupiga picha ya wakati mmoja, na katika picha hiyo chanzo na matokeo husimama bega kwa bega bila kutambulishana. Tangu hapo sijawahi kulinganisha muda na alama bila kuzingatia hali ya nyumbani, pamoja na majibu ya wazazi kuhusu yale ambayo mtoto aliyaweza alipoanza shule, kama vile kutambua herufi au kusoma maneno machache. Hata majibu hayo nayachukua kwa tahadhari, kwani mzazi anakumbuka mambo ya miaka iliyopita, na zipo nchi, Marekani ikiwa mojawapo, ambazo hazikuitoa kabisa hojaji ya nyumbani.

Kosa la pili lilihusu walimu. PIRLS huchagua shule, kisha darasa zima ndani ya shule; haichagui sampuli ya walimu. Kwa hiyo huwezi kuandika kwamba asilimia fulani ya walimu hufundisha stadi fulani. Unachoweza kusema kwa haki ni kwamba asilimia fulani ya wanafunzi wana mwalimu anayesema hufundisha stadi hiyo, na hesabu hiyo lazima itumie uzito wa sampuli, yaani namba inayoonyesha kila jibu linawakilisha wanafunzi wangapi, uliotengenezwa kwa data za walimu. Tofauti hii inaweza kuonekana ndogo katika maneno, lakini hubadilisha tarakimu, na inatukumbusha kwamba anayepimwa fursa ni mtoto.

La tatu ni la kitaalamu, nalo nitalipitia haraka. Kila mwanafunzi husoma sehemu ndogo tu ya matini zote za mtihani, ndiyo maana faili humpa makadirio 5 ya uwezo badala ya alama moja. Usiyajumlishe na kuyagawa kwa tano kabla ya uchambuzi. Fanya uchambuzi mara tano, kisha unganisha matokeo. Na kwa kuwa watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja, tumia modeli ya ngazi mbili, yaani inayotenganisha ngazi ya mwanafunzi na ngazi ya darasa. Usiwahesabu wanafunzi 30 kama mashahidi 30 wa jibu ambalo mwalimu mmoja alilitoa mara moja.

Hata ukitimiza yote hayo, bado utabaki na tatizo la majibu yenyewe. Nilipochora mgawanyo wa majibu ya walimu katika seti moja ya data, karibu stadi zote zilikuwa zimeangukia kwenye «kila siku au karibu kila siku». Kipimo kisichotofautisha hakiwezi kueleza tofauti ya alama, na mchambuzi asiyeangalia mgawanyo huo atatangaza kwamba fursa ya kujifunza haina athari, ilhali ni swali ndilo lililoshindwa kuipima. Siwalaumu walimu, mtu anayeulizwa kama hufundisha wazo kuu hujibu kwa nia njema kwamba hufundisha.

Nililielewa hilo nilipokaa nyuma ya darasa moja ambalo mwalimu wake alisema husoma na wanafunzi kila siku. Kipindi kilikuwa cha kusoma kweli. Sehemu kubwa ilikwenda katika kunakili aya kutoka ubaoni, kisha darasa zima likaisoma kwa pamoja kwa kumfuata mwalimu. Mvulana aliyekuwa karibu nami alikuwa na kidole kwenye mstari wa pili wakati sauti ya wenzake imefika wa tano, na mdomo wake ukaendelea kuifuata sauti, si maandishi. Kengele ilipolia, hakuwa amesoma sentensi hata moja peke yake. Katika faili, kipindi kile kingehesabiwa kama fursa kamili.

Ndiyo maana siku hizi sitegemei kipengele kimoja. Naunganisha muda, stadi, aina ya maandiko na uwepo wa vitabu ndani ya darasa, kisha naangalia kama vinakubaliana. Palipo na nafasi, naomba ruhusa ya kutazama vipindi vichache katika shule za eneo husika, ingawa zile zilizoshiriki tathmini zenyewe hazitajwi kwa majina. Na ninapoandika ripoti, jedwali la fursa hutangulia jedwali la alama, ili msomaji afikapo kwenye safu ya shule zilizoshika mkia awe amekwisha kuona ni saa ngapi, ni maandiko gani na ni stadi zipi watoto wale walipewa kabla ya siku ya mtihani.