Anti, nikila keki ndo nimeharibu dayati?

Wapendwa, barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja, mtu anahesabu kalori vizuri tu, uzito unashuka, afu kinatokea kitu kitamu mezani na hesabu yote inavurugika. Nimechagua chache na nyingine nimezifupisha, maana kuna mmoja kaniandikia kurasa nne na tatu kati ya hizo anaielezea keki tu.

SWALI: Shikamoo anti. Mi nahesabu kalori kwenye simu, nimejiwekea 1,500 kwa siku na nimekuwa napungua polepole bila shida. Alhamisi kazini kulikuwa na besdei, nikala kipande cha keki, afu cha pili. Kuangalia simu nimeshapitiliza, nikasema basi, maji nimeshayavulia nguo, dayati ntaanza tena Jumatatu. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili nilikula kila kilichopita mbele yangu, hata vitu ambavyo sivipendi kihivyo. Sasa najiuliza, niache vitamu moja kwa moja? Maana naona kabisa sijiwezi. *Mpenda Keki*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hatujaihukumu hiyo keki hebu tuipigie hesabu. Kipande cha keki ya krimu cha gramu 100 hivi kinacheza kwenye kalori 350 mpaka 400, viwili tuseme 800. Kama siku hiyo ulikula na 1,500 zako zote, ulifika 2,300. Tuchukulie mwili wako unatumia kama 2,000 kwa siku, kwahiyo ulizidisha 300. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inakadiriwa kubeba kalori kama 7,700, gawanya mwenyewe uone, keki yote ile imekuwekea kama gramu 40. Gramu 40 jamani, hata mizani ya bafuni haizioni! Sasa njoo Ijumaa mpaka Jumapili, ukila 3,000 kila siku umezidisha 3,000 kwa siku zote tatu, na hapo tunaongelea karibu gramu 400. Kwahiyo keki kesi yake ndogo sana, mwenye kesi ni huo msemo wa maji na nguo, ulikuwa umelowa kidole tu ukaamua kupiga mbizi.

Na wala usidhani ni wewe peke yako usiyejiweza. Mwaka 1975 watafiti Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio moja, waliwachukua wanafunzi wa kike, wengine wakawapa milksheki moja, wengine mbili, wengine hawakupewa, afu wakawekewa aiskrimu wakaambiwa ni zoezi la kuonja, kuleni mnavyotaka. Wale wasiojibana kula, waliokuwa wamekunywa milksheki walikula aiskrimu kidogo, kitu cha kawaida, mtu keshashiba. Ila kwa wale wa kujibana na dayati ikawa kinyume, waliokunywa milksheki ndo waliofakamia aiskrimu kuliko wenzao ambao hawakunywa kitu! Hapo tumbo halihusiki, ni kichwa kimeshasema siku imeharibika basi tuimalizie.

Ndo maana kuacha kabisa sikushauri. Ukiweka sheria ya "sili keki maisha yangu yote", siku ukiionja tu sheria imevunjika na unarudi palepale kwenye Jumatatu. Afadhali keki iwe ndani ya hesabu tangu mwanzo. Hesabu yako iangalie kwa wiki badala ya siku, 1,500 mara saba ni 10,500, ukila 1,400 kwa siku sita siku ya saba unayo 2,100 na hujaiba kitu kwa mtu. Au kama we ni mtu wa kidogokidogo, kila siku tenga 150, hiyo ni chokoleti ya gramu 25 mpaka 30, na ukiila baada ya chakula ukiwa umeshiba vizuri inatosha kabisa, tofauti na ukiila saa kumi jioni njaa inakuuma, hapo hata pakiti nzima haikutoshi.

Kitu kingine, andika kabla ya kula. Ukiandika baada inakuwa kama unajishtaki, ukiandika kabla unachagua. Unaona keki 380, unaamua unaitaka kweli au unakula kwa sababu mwenzio kakuletea kisahani mezani (na mara nyingi ni hilo la pili, tusidanganyane). Na siku ukizidisha, unaandika hivyohivyo namba yake kubwa, afu mlo unaofuata unakula kawaida yako. Mlo unaofuata ndugu yangu, sio Jumatatu, na wala usijinyime siku inayofuata kulipiza maana njaa hiyo ndo itakurudisha kwenye keki jioni.

Mpaka wa sukari usiusahau tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, iwe chini ya asilimia 10 ya nishati yote ya siku. Kwa 1,500 zako hiyo ni gramu kama 37, vijiko vya chai tisa. Kopo moja la soda la mililita 330 lina gramu kama 35, kwahiyo soda moja imemaliza fungu lote na hata hujatafuna kitu. Mi ningekuwa wewe sukari yangu ningeila kwenye keki, sio kuinywa, vinywaji havishibishi.

SWALI: Habari anti. Mimi sina shida ya kila siku, Jumapili mpaka Ijumaa nakula 2,000 safi kabisa na mwili wangu nimepiga hesabu unatumia 2,500. Jumamosi ndo siku yangu ya kujiachia, siandiki kitu, nakula roho inachotaka. Tatizo uzito umegoma, haupandi haushuki. Metaboli yangu, yaani ule uwezo wa mwili kuchoma chakula, imekufa? *Kaka wa Jumamosi*

JIBU: Haijafa kaka, ingekufa na wewe usingeniandikia. Ngoja nikuandikie hiyo Jumamosi ambayo huiandiki. Siku sita mara 500 umeokoa 3,000. Jumamosi asubuhi chai nzito na vitafunwa, mchana pizza nzima, jioni baga na chipsi, bia nne za nusu lita (kila moja inakaribia kalori 210 au zaidi, na watu huwa hawazihesabu kabisa eti ni kinywaji), aiskrimu ya kufungia siku, hapo kufika 5,000 wala sio maajabu. Umezidisha 2,500. Kwenye zile 3,000 umebaki na 500 kwa wiki nzima, ambazo ni gramu 65 za mafuta. Ukinywa glasi ya maji tu kabla ya kupanda kwenye mizani zimeshafichika.

Na hapo nimekuamini kwamba hizo siku sita ni 2,000 kweli. Mwaka 1992 kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la New England Journal of Medicine, uliwapima watu waliosema wanakula chini ya 1,200 na hawapungui, ikaonekana kwa wastani walichokula kilizidi sana walichosema, yaani waliripoti pungufu karibu nusu, asilimia 47, na mazoezi wakayaongeza kwa asilimia 51. Sio waongo wale, ni macho. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120 na hakuna mtu anakikumbuka akishashika simu.

Ushauri wangu, siku ya kujiachia igeuze iwe mlo wa kujiachia. Mlo mmoja, chagua unachokipenda kuliko vyote, kule kwingine kula kama siku nyingine. Na Jumamosi iandike hata kama inauma, hasa kama inauma. Pizza nusu ni pizza bado.

SWALI: Anti jana usiku nimekula pizza vipande vitatu, nilikuwa nimeitengea nafasi kwenye hesabu kabisa, leo asubuhi mizani imepanda kilo moja na nusu. INAWEZEKANAJE? *Nimekata tamaa*

JIBU: Ni maji mpenzi, tulia. Ili uweke kilo moja na nusu ya mafuta ungetakiwa kuzidisha kalori zaidi ya 11,000 usiku mmoja, vipande vitatu havifiki huko hata kwa miujiza. Wanga ukiliwa mwingi mwili unaweka akiba yake kama glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni inakaa na maji kama gramu tatu, bado chumvi ya jibini na soseji nayo inashika maji, bado chakula chenyewe kiko tumboni hakijatoka. Ukirudi kwenye kula kwako kawaida, siku mbili tatu yanashuka yenyewe. Kama mizani inakuharibia siku basi usiipande asubuhi ya baada ya pizza, au pima kila siku na uangalie wastani wa wiki, namba ya siku moja haina maana yoyote.

SWALI: Anti, chokoleti nimeacha, sasa hivi nikitamani kitu nakula karanga na asali kwa sababu ni vya asili. Saa yangu ya mkononi nayo inaniambia nachoma kalori 600 nikikimbia, kwahiyo naongezea kula hizo 600. Lakini sipungui. *Mkimbiaji*

JIBU: Konzi ya karanga ya gramu 30 ina kalori kama 170, na chokoleti ya gramu 30 ina kama 160. Karanga zina protini na nyuzinyuzi, sikatai, ni chakula kizuri, ila mwili haukupunguzii hesabu kwa sababu kitu ni cha asili, na asali kijiko kikubwa ni kama 60, mkono ukiteleza ni 100. Kama roho ilitaka chokoleti si ule tu hiyo chokoleti, maana najua wengi wanakula karanga, afu asali, afu saa nne usiku wanaila na chokoleti yenyewe.

Kuhusu saa, Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saba mwaka 2017, mapigo ya moyo nyingi zilipata vizuri ila kalori ilikuwa vichekesho, iliyokuwa nzuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Kwahiyo hizo 600 usizile zote. Ukisikia njaa ya kweli siku ya mazoezi kula nusu yake. Na kukimbia kusiwe faini ya aiskrimu, utaanza kuyachukia mazoezi bure.

SWALI: Anti naomba usitaje jina. Nakula 800 tu mchana kutwa ili usiku nipate nafasi ya vitamu, lakini nikianza siwezi kusimama, nakula mpaka naumia, afu naenda kujitapisha. Nataka unipe hesabu ambayo itanifanya nisimame.

JIBU: Mdogo wangu, hesabu sikupi, na nakuomba hata hiyo unayoifanya uiweke pembeni kwa sasa. Hiyo hali yako siyo ulafi na siyo tabia mbaya, ni ugonjwa na una matibabu. Kujitapisha kunashusha potasiamu mwilini na hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kwa mtu kijana mwenye nguvu zake, na asidi ya tumbo inakula meno. Nenda kamuone daktari wiki hii, mwambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze hata neno, aombe kipimo cha damu na akupeleke kwa mtaalam wa saikolojia. Kama kuna mtu mmoja nyumbani unayemwamini mwambie akusindikize. Ukizimia, au moyo ukaanza kwenda mbio ovyo, usisubiri miadi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Huku kwangu niandikie tena muda wowote, jina lako halitatoka.

Na wengine mnaosoma, chini ya 1,200 kwa siku bila daktari kukusimamia msiende. Wajawazito na wanaonyonyesha hii ya kujipunguzia muongee na kliniki kwanza, na wenye kisukari wanaotumia insulini wasibadilishe kula ghafla bila kumwambia daktari wao.

SWALI: Anti mi tatizo langu ni usiku, watoto wakilala nafungua kabati, biskuti moja, mbili, nikija kushtuka pakiti imeisha nimesimama palepale jikoni na simu mkononi. *Mama Wawili*

JIBU: Wapo watu wa biskuti moja na wapo watu wa pakiti nzima, na wewe mama umeshajijua, kwahiyo usinunue pakiti kubwa ukidhani safari hii utaweza. Nunua vidogo vya kimojakimoja, hata kama kwa hesabu ya duka inatoka ghali kidogo. Za watoto wanunulie aina ambayo wewe huipendi (watalalamika siku mbili watazoea). Yako weka kwenye kisahani, kaa chini, simu iache chumbani, kabati limefungwa. Utamu wa kweli uko kwenye zile tonge za mwanzo, baada ya hapo ulimi unazoea na mkono tu ndo unaendelea, na ukiwa unatazama simu hata hizo za mwanzo hukuzionja. Na angalia chakula chako cha jioni, kama unakula mabaki ya watoto umesimama, hiyo ya saa nne usiku inaweza kuwa njaa ya kawaida tu, jipakulie sahani yako yenye protini ya kutosha ukae ule nao.