Bodi ya bonde wanajuaje mto una maji kiasi gani? Jibu la aliyekuwa msoma vipimo

Mkuu mwanzisha uzi, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: hawa watu wa bodi ya maji ya bonde (ofisi ya serikali inayosimamia maji ya mto na vijito vyake) wanaokudai kibali cha pampu wanajuaje mto una maji kiasi gani, na je, kibali chenyewe si mradi wa kukusanya hela tu? Wachangiaji wote wamerukia hilo la pili. Mimi naanza na la kwanza, maana nilikuwa msoma vipimo kwenye mto wa huku kwetu kabla sijaingia kwenye kilimo cha mboga, na sasa ni mjumbe wa jumuiya ya watumia maji.

Ukipita darajani ukaona mbao zenye namba zimesimamishwa ngazi kwa ngazi, toka majini hadi juu ukingoni, hicho ndicho kituo cha kupimia mto. Msomaji huwa ni mwanakijiji wa jirani anayelipwa posho. Asubuhi na jioni unashuka, unasoma sentimita, unaandika kwenye daftari. Maji hayatulii pale kwenye ubao, yanapanda na kushuka, kwa hiyo unayatazama kidogo kisha unachukua katikati. Kazi iko masika: ubao wa chini umezama, wa pili umenaswa na magogo na migomba, tope tupu, na namba ya siku hiyo ndiyo inayotakiwa kuliko zote. Kuna wenzetu walikuwa wanajaza daftari wakiwa sebuleni. Walikuwa wanajulikana tu. Mvua imepiga usiku kucha, kituo cha chini kimepanda nusu mita, wewe daftari lako lina namba ileile ya juzi!

Sasa, kina peke yake hakikwambii wingi. Ndiyo maana mafundi wa bonde huja mara kwa mara na kifaa chenye pangaboi dogo linalozungushwa na maji. Wanavuta kamba yenye alama kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, mmoja anaingia mtoni na fimbo ya chuma. Kwenye kila alama anapima kina, halafu anashusha pangaboi hadi asilimia 60 ya kina akihesabu kutoka juu, kwa sababu kasi ya hapo hukaribiana na wastani wa maji yote ya sehemu ile. Penye kina kirefu wanapima mara mbili, asilimia 20 na 80. Upana mara kina mara kasi, wanajumlisha vipande vyote, wanapata lita kwa sekunde. Wakishapima mto ukiwa mdogo, wa kati na umejaa, wanachora mstari wa kuoanisha kina na wingi, na tangu hapo sentimita za daftarini zinageuzwa kuwa lita. Ila furiko moja kubwa likichimba kitanda cha mto, mstari ule umekwisha kazi, inabidi wapime upya. Ukitaka kumtoa jasho mtaalamu yeyote wa haidrolojia, muulize mtiririko wa kituo hicho ulipimwa mara ya mwisho lini.

Mvua haina mambo mengi. Kopo la kupimia mvua linasomwa saa tatu asubuhi kwa saa 24 zilizopita. Milimita 10 kwenye ekari moja ni kama lita 40,000, hesabu ambayo wakulima wengi hawajawahi kuifanya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina vituo vyake, bodi zina vyake. Siku hizi kuna mitambo ya sola inayotuma data kwa laini ya simu, mizuri sana mpaka mtu aibe hiyo sola.

Tuje kwenye kibali. Tanzania ina mabonde 9. Ofisi ya bonde la Pangani ndiyo iliyotangulia, mwaka 1991, na sheria inayotumika ni ile ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Watu wa bodi wanaangalia kumbukumbu za miaka kuona mto hubaki na nini kiangazi kikikaza. Maji ya nyumbani yanatangulia, kisha ya mto wenyewe ili usikauke, ndipo wagawane wenye mashamba na viwanda. Kwa hiyo lita zilizoandikwa kwenye kibali chako zimetoka kwenye daftari la mtu kama mimi.

Umesema pampu yako ni ya inchi tatu na "haimalizi maji ya Mungu". Pampu nyingi za aina hiyo zimeandikwa karibu lita 1,000 kwa dakika, yaani lita 16 hivi kwa sekunde, hata kama ikipandisha mlima inashuka. Kuna vijito vyetu ambavyo mwezi wa kumi pampu chache za hivyo zikiwashwa pamoja, wa chini wanaamkia mchanga.

Ninapokubaliana na wewe ni hapa: mto unapimwa vizuri kuliko wachotaji. Kibali kinasema lita tano, banio (kizuizi cha kugeuzia maji mferejini) linapitisha kumi, mita hakuna, na anayejua ukweli ni jirani. Bila jumuiya yenye zamu na faini, karatasi inabaki karatasi.

Ada ipo, na bodi zinaitegemea kujiendesha, sikatai. Lakini maombi ya maji hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku shamba kubwa likiomba maji juu yako, ukiwa na kibali unaingia kikaoni na lita zako mkononi. Usipokuwa nacho, hesabuni haupo kabisa.

Usichanganye tu kibali hiki na cha kutiririsha majitaka mtoni; hicho ni kingine, na maji hayo hupimwa maabara. Ulipochafuka Mto Mara Machi 2022, samaki wakafa, kamati ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo, mitandaoni ilikuwa vita. Ubishi wa namna hiyo huamuliwa na sampuli za juu na chini ya chanzo cha uchafu, zilizochukuliwa mapema.

Kingine, bustani yako ikiwa ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, jiandae kwa swali jingine: kwa nini unalima karibu hivyo na mto. Hilo liko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, na kibali cha maji hakilifuti.