Kutoka kol senta hadi kutengeneza tovuti: usiivue hedifoni mapema

“Asante kwa kupiga huduma kwa wateja, nikusaidie nini?” Sentensi hiyo niliisema miaka minne, mchana na usiku, mpaka siku moja mama mdogo alinipigia simu nyumbani nikajikuta naitamka. Alicheka hadi akasahau alichonipigia.

Sasa natengeneza tovuti, na vijana wa kol senta hunifuata inboksi: kaka, nianzie wapi? Wanategemea niwatajie lugha ya programu. Nikiwaambia waanze na simu wanazopokea, wengine hawarudi tena.

Ngoja nieleze. Kwenye zamu zetu kulikuwa na lalamiko lisiloisha. Mteja anajaza fomu ya kujisajili, akifika kwenye namba ya simu fomu inamkatalia. Karatasi yetu ya majibu ilisema tumwambie, “Samahani kwa usumbufu, jaribu tena baada ya muda.” Anajaribu, inakataa, anarudi kwangu amevimba. Usiku mmoja simu zilipopungua nikaanza kuwauliza: hebu nisomee ulivyoandika. Mmoja kaanza na sifuri ila kaacha nafasi katikati, mwingine kaanza na 255, mwingine kaweka alama ya kujumlisha. Mzee mmoja aliweka vistari katikati, maana ndivyo namba yake ilivyo kwenye daftari lake. Namba zote sahihi! Fomu ilitaka tarakimu kumi zilizoungana, basi, na haikumwambia mtu yeyote.

Niliyaandika hayo kwenye tiketi, yaani ripoti ya tatizo inayokwenda kwa watu wa ufundi, mfano mmoja mmoja. Hitilafu iliyokuwa imetusumbua miezi ikarekebishwa. Wakati huo sikujua hata mstari mmoja wa programu, ila nusu ya kazi ya divelopa, yule anayeandika programu, nilikuwa nimeshaifanya: kujua tatizo liko wapi hasa, na kulieleza mpaka mtu mwingine alione kwenye kompyuta yake.

Nilipoanza kujifunza JavaScript, lugha ya programu inayofanya fomu na vitufe vya tovuti vifanye kazi, zoezi la kwanza nililojipa ni fomu ileile. Nikaichukua namba ya simu nikaigeuza kuwa namba ya hesabu, sifuri ya mbele ikapotea. 0754 ikawa 754. Ndipo nikaelewa kwamba namba ya simu ni maandishi, haina habari ya kujumlishwa wala kugawanywa. Nikajiona mjanja, nikaongeza kipande cha kutambua mtandao wa mteja kwa tarakimu za mwanzo. Mwenzangu wa dawati la pili akachungulia akasema, “Wewe, na waliohama na namba zao je?” Kweli kabisa. Tanzania tangu 2017 mtu anahama mtandao na namba yake ileile, na sisi ndio tuliokuwa tukiwajibu watu hao kila siku. Nikafuta.

Ndiyo maana sikushauri ujifunze kwa kunakili mradi wa kikokotoo ambao kila mtu anao. Tengeneza kitu ambacho wateja wako wamekililia. Utajua kikiwa kibovu bila kuambiwa na mwalimu.

Kwa mpangilio, mimi nilikwenda HTML (muundo wa ukurasa), CSS (mwonekano wake), kisha JavaScript, na Git, ya kutunza kila toleo la kazi yako, nikaichelewesha nikajuta. Nilitumia freeCodeCamp, tovuti ya masomo, ni bure, na MDN, tovuti ya maelezo ya lugha hizo, nilipokwama. Kama unanunua bando la wiki kama mimi, pendelea kusoma kuliko video. Maandishi hayali bando kama video. Laptopu yangu ilikuwa ya mtumba kutoka Kariakoo, betri imekufa, umeme ukikatika na somo limekwisha. Ilitosha.

Muda ndio mgumu. Nilijaribu kusoma nikitoka zamu ya usiku, nikaamka saa saba mchana herufi za kibodi zimejichora shavuni. Lala kwanza. Saa moja kabla ya kuingia zamu ilinifaa kuliko saa nne za kusinzia. Na utakwama kwa vitu vya kuchekesha: mimi siku mbili kitufe changu hakikubonyezeka, kivinjari kinaniambia kitufe hakipo na mimi nakiona kwa macho yangu. Kumbe faili la JavaScript nimeliita juu kabisa ya ukurasa, linasomwa kabla kitufe chenyewe hakijafika. Neno moja, defer, la kuliambia faili lisubiri ukurasa usomwe wote kwanza, likamaliza mambo.

Kuhusu kuacha kazi: usiache. Nilijifunza mwaka na nusu huku napokea simu, kwa sababu mwenye nyumba hapokei vyeti vya kozi. Ila omba uwe wewe unayepeleka tiketi kwa watu wa ufundi. Kaa nao wakati wa chai. Mmoja wao alibonyeza F12 akanionyesha ukurasa unavyozungumza na seva, nikasahau chapati yangu.

Kwenye usaili walinipa ukurasa usiotuma fomu, wakaniambia urekebishe. Kabla sijagusa kibodi nikauliza: inashindwa kwa wote au baadhi? Simu au kompyuta? Tangu lini? Wakatazamana. Kwa ufundi wenzangu wawili waliosailiwa siku hiyo walinizidi, nilijua baadaye tulipoanza kazi pamoja. Kwa hiyo kwenye wasifu wako usiifiche miaka ya simu kama aibu ya familia. Andika uligundua nini na kikarekebishwa vipi. Na ujiandae kupokea kidogo mwanzoni. Mshahara wangu wa kwanza ulikuwa chini ya ule wa zamani ukijumlisha posho ya usiku. Nilirudi kupanda daladala mbili badala ya bodaboda.

Wiki iliyopita iliingia tiketi ya saa tisa usiku. Aina ya simu, kivinjari, wateja watatu, kila mmoja aliandika nini, na skrinshoti juu. Asubuhi nikashuka ghorofa ya pili kumtafuta aliyeiandika. Zamu ilikuwa inakaribia kwisha. Nikamkuta dada mmoja, macho mekundu, hedifoni sikio moja. Akaninyooshea kidole nisubiri. “Samahani kwa usumbufu, mzee wangu,” alikuwa anasema, “hebu nisomee ulivyoandika.”

Nikavuta kiti.